Koleo za kung'oa jino: kuchemsha hakutoshi

Umeuliza kama koleo za kung'oa jino zilizochemshwa kwenye sufuria ni salama. Hapana, kuchemsha hakuui kila kijidudu, hata kama daktari amekuonyesha mvuke. Kuna bakteria wenye mbegu ngumu zinazostahimili maji yanayotokota, na hapa Nakuru ndiyo mbaya zaidi: tuko juu, mita kama 1,850, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hata 100 hazifiki. Kinachotakiwa ni otoklevu, mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3 hivi. Nimeosha vyombo kliniki ya meno miaka kadhaa, na hiyo mashine ndiyo ilikuwa inatuchelewesha kila asubuhi, wagonjwa wakinung'unika kwa benchi.

Wewe angalia pakiti ya koleo, ile iliyotoka nazo kwenye otoklevu. Ifunguliwe mbele yako, iwe kavu, na utepe wake uwe na mistari iliyogeuka nyeusi. Lakini utepe unaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwa joto. Kujua kama vijidudu vimekufa kweli ni kipimo kingine, cha mbegu za bakteria. Ukiona koleo zinatolewa kwa beseni la dawa, shuka kwenye kiti.