Transfa inavuja nyuma kila ukibadilisha sili? Angalia bushi

Mkuu, umesema pickup yako ya Mafinga imewekwa sili mpya ya nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) mara mbili na bado propela, shafti ya kwenda tairi za nyuma, inalowa mafuta, sasa unataka kubadilisha bushi mwenyewe nyumbani. Inawezekana kabisa. Sili ni ya kuzuia mafuta, haibebi propela; inayoibeba ni bushi, bomba fupi lililo ndani ya transfa. Bushi ikilika, yoki (ncha ya propela inayoingia kwenye transfa) inacheza juu na chini, mdomo wa sili unashindwa kuifuata.

Hakikisha kwanza. Shika propela pale inapoingia kwenye transfa, isukume juu na chini. Ukiona mchezo kwa macho, bushi imekwisha. Kule kuzunguka kidogo kushoto na kulia ni nafasi ya meno, usikuhesabu. Na kama propela imefungwa kwenye flanji (sahani ya bolti) yenye nati kubwa katikati, gari hilo halina bushi hii, kagua beringi.

Tafuta sehemu tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya matairi, gari likae kwenye stendi, si jeki. Propela ikitoka, gia haishiki tena tairi za nyuma, na kwa malori ambayo breki ya mkono iko kwenye propela, nayo inakuwa haipo.

Mwaga mafuta. Weka alama kwenye flanji ya difu (boksi la gia kati ya tairi za nyuma) na propela, virudi vilivyokuwa. Toa propela, halafu nyumba (kasha) ya nyuma ya transfa. Ikikataa baada ya bolti zote kutoka, usiilazimishe kwa bisibisi: baadhi zina klipu inayoshika beringi kwa ndani.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa bushi, pima imekaa ndani kiasi gani, na weka alama ya tundu au mfereji wa mafuta. Bushi mpya ikiziba tundu hilo, itaungua mapema sana. Ya zamani itoe kwa tindo nyembamba pale kwenye mshono wake, uikunje kwenda ndani. Nyumba ni alumini, ukiichana bushi mpya haitashika.

Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku mzima. Nyumba iloweke kwenye maji yanayochemka. Huku nyanda za juu yanachemkia chini ya nyuzi 100, lakini yanatosha. Mpe mkereza vyuma akutengenezee kipande chenye ngazi: sehemu nyembamba iingie ndani ya bushi, bega lisukume ukingo. Ukigonga nyundo moja kwa moja, ukingo unajikunja na yoki haipiti.

Yoki usiipuuze. Pima kwa venia (kipimo cha unene) pale inapopita bushi na pale isipopita. Ikiwa imelika, bushi mpya haitadumu; na kama sili imechimba mfereji, sili mpya itavuja. Krosi (viungo vya propela) zilizolegea nazo zibadilishe sasa hivi, kwa sababu mtikisiko wake ndio unaoila bushi.

Weka sili mpya, paka grisi mdomo wake, silikoni nyembamba kwenye nyumba, funga. Jaza mafuta hadi yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Aina yake fuata kitabu cha gari: transfa nyingine zinatumia ATF (mafuta ya gia za otomatiki), nyingine oili ya gia, na ukikosea utaharibu zaidi.

Mwisho, safisha kipumulio (tundu la kutolea hewa) juu ya transfa. Tope na vumbi la barabara za mashambani vikikiziba, joto linajenga presha ndani na mafuta yatapita hata kwenye sili mpya.