Chili ya Terlingua: niende na maharage yangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi Mtanzania niko Dallas mwaka wa nne sasa. Wenzangu wa kazini wananiita Novemba twende Terlingua, huko jangwani Texas, kwenye mashindano ya kupika chili. Napenda sana kupika na chili yangu ya maharage kila mtu anaisifia. Naweza kushindana? Na watoto niwabebe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ila maharage yaache nyumbani. Chili ya Texas ni nyama ya ng'ombe ndani ya mchuzi mzito mwekundu, pilipili kavu, bizari nyembamba na kitunguu saumu, na pale maharage, wali, tambi, vyote marufuku.

Kushindana sasa, kuna mashindano mawili wiki hiyohiyo maana wenyewe waligombana miaka ya 80 wakagawana, na fainali yao ni Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Kwa wale wa CASI, chama cha wapenzi wa chili kinachoandaa mojawapo, huingii hivihivi, lazima uwe umekusanya pointi kwenye mashindano madogo, kwahiyo mwaka huu nenda ukaonje na uangalie wenzio wanavyopika, halafu uanze kutafuta pointi huko Texas kwenu.

Kitu nilichokipenda mimi ni uamuzi. Kila mpishi anapeleka chili yake kwenye kikombe cheupe, vyote vinafanana, kila kimoja kina nusu ya tiketi yenye namba iliyofichwa, na nusu ya pili unabaki nayo mwenyewe mfukoni. Jaji anachota kijiko, anaonja, anatafuna kitu kusafisha mdomo, anahamia kikombe kingine bila kujua ni cha nani. Nilimuona mama mmoja ameshika katiketi kake mpaka kamelowa jasho, namba zinatajwa na yeye midomo inamcheza tu, jamani nilitamani nikamkumbatie.

Na haya yote yalianza 1967 kwa ubishi wa watu wawili, Wick Fowler wa Texas na H. Allen Smith aliyetoka New York, nani anajua chili zaidi. Majaji walikuwa watatu, mmoja kura huku mmoja kule, wa tatu akasema ulimi umekufa ganzi hawezi kuamua, ikawa sare!

Watoto wabebe ila hema lipige mbali na muziki, usiku watu wanakunywa na kelele ni nyingi. Mchana wapeleke Big Bend, hifadhi iko palepale jirani, na kijiji chenyewe cha zamani kilikuwa cha wachimba zebaki, magofu yake bado yapo watayapenda. Beba mablanketi maana mchana jua kali usiku baridi inauma kweli, maji beba mengi, na mafuta ya gari jaza mji wa Alpine kabla hujashuka kusini, kutoka hapo ni kama kilomita 130 na njiani ni vichaka na mawe tu. Mtoto akiungua na pilipili mpe maziwa, maji hayasaidii.