Singer 29K kwa mikoba ya ngozi
Ndugu, umeuliza kama Singer 29K ya zamani itakufaa kushona mikoba ya ngozi. Inafaa, ila ujue cherehani hii ni ya mafundi viatu. Mguu wake, ule unaokandamiza ngozi penye sindano, ndio unaoivuta, tena kwa juu, na unazunguka pande zote, kwa hiyo kiraka unakishona bila kukigeuza kiatu. Mshono mrefu ulionyooka ndio unaoipa shida, na nyingi zina bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ndogo, uzi wake huisha haraka mno. Kabla hujalipa, shona kipande cha ngozi mbele ya muuzaji. Mishono ikitoka mmoja mfupi mwingine mrefu, cherehani imeshalika. Tumia sindano ya ngozi, ile yenye ncha ya kukata, na uzi wa nailoni. Wa pamba huozeshwa na tanini, dawa ya kutengenezea ngozi.