Ganda linayumba, au ni geji yako?

Ukishanunua geji ya saa, ile yenye sindano inayoonyesha ganda la risasi linavyoyumba likizungushwa, utaanza kushuku kila ganda unalotaka kulijaza upya. Kabla hujatupa hata moja, ishuku geji kwanza. Mimi huanza na pini ya chuma iliyosagwa sawasawa, yenye unene unaokaribia wa ganda. Naizungusha juu ya vishikizo ambavyo ganda hulalia wakati wa kupimwa. Sindano ikicheza, hapo ganda halina kesi: kuna uchafu, kuna skrubu imelegea, au kidole changu kinakandamiza.

Kidole ndicho msumbufu mkubwa. Halafu kuna springi: geji ya kusukuma, yenye ncha inayoingia na kutoka, yaweza kuwa na nguvu ya kuliinua ganda jepesi. Ile ya kimkono hugusa taratibu zaidi, mradi kimkono kilale karibu sambamba na shingo, ile sehemu nyembamba ya ganda inayoshika kichwa cha risasi. Kikisimama kwa pembe kubwa, kitasoma zaidi ya kilichopo. Futa grisi yote, zungusha polepole, mgandamizo uwe uleule.

Pa kuegemeza pana ubishi. Ukingo wa kitako siutaki, kwa sababu ndoano inayotoa maganda kwenye bunduki huuchuna na kuupinda. Naegemeza mwili sehemu mbili, mbele kidogo ya mfereji wa kitako na chini ya bega, pale mwili unapoanza kupungua kuelekea shingo, na nyuma naweka kizuizi ganda lisitembee. Ncha ya geji hukaa katikati ya shingo, mbali na mdomo wenye vijino vya shaba.

Sindano ikitembea inchi 0.004, yaani kama milimita 0.1, mhimili wa shingo umehama inchi 0.002 tu. Wengi hubishana bure, mmoja akitaja mwendo wote na mwenzake nusu. Tena, ukuta wa shingo ukiwa mnene upande mmoja, geji itaonyesha kuyumba hata kama tundu liko katikati. Upime kwa maikromita yenye ncha ya mviringo kabla hujalaumu dai, yaani kalibu ya chuma inayorudisha ganda kwenye umbo lake.

Kumpata mkosaji, pima ganda hilohilo baada ya kila hatua. Likitoka chemba ya bunduki limenyooka, likapinda kwenye dai, toa kitufe cha kupanulia shingo kilicho ndani ya dai kisha pitisha lingine. Mara nyingi ni hicho, kikivutwa kavu. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo. Mwisho pima kichwa cha risasi kilichokwisha kupachikwa, mbele kidogo ya mdomo wa ganda. Vifaa vya kunyooshea risasi iliyojazwa vipo, lakini sivitumii: kukisukuma kichwa pembeni hulegeza mshiko wa shingo.