Mlonge au Mwarobaini: Jiulize Kwanza Nani Anashinda Nyumbani

Kila masika yanapokaribia, ndugu na majirani wanaohamia viwanja vya tambarare, kusini mwa Moshi, huniuliza swali lilelile: kati ya mlonge na mwarobaini, mtu apande upi? Ni swali la msingi, kwa sababu sisi tuliolelewa kwenye vihamba vya juu, yaani mashamba ya ukoo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tumezoea migomba, mibuni na miparachichi, na tunaposhuka kwenye joto la upande wa Kahe tunajikuta wageni wa udongo na wa mvua. Nimeishi na miti yote miwili kwa miaka 11, na siku hizi kabla ya kujibu huuliza kwanza ni nani anayeshinda hapo nyumbani. Mlonge ni mti wa kuguswa kila baada ya wiki chache. Mwarobaini, ukishavuka kiangazi cha pili, hauna haja nawe tena.

Miti hii yote ni ya asili ya upande wa Bara Hindi na yote hupenda joto, lakini mlonge ndio unaodekea joto zaidi. Niliwahi kupeleka miche minne kwenye kihamba cha baba kule Machame, nikaipanda mahali pazuri penye samadi ya kutosha. Ilipofika Julai, ule ukungu wa mlimani uliposhuka, majani yakageuka manjano yakapukutika, na miche ikabaki vijiti mpaka mzee akaing'oa bila kuniuliza. Mkazi wa Arusha mjini, ambako mwinuko ni kama mita 1,400, asitarajie mlonge wake ukimbie kama unavyokimbia huku chini. Utaota, lakini kwa kujivuta. Mwarobaini nao hauutaki ubaridi, ila hauoneshi kisirani chake mapema kiasi hicho. Jambo ambalo miti yote miwili haisamehi ni maji yaliyotuama, na katika udongo mweusi wa mfinyanzi, unaoshika maji wiki nzima baada ya mvua, ni heri kupanda juu ya kichuguu cha udongo ulioinuliwa kuliko ndani ya shimo.

Kwenye mbegu ndipo wengi hukwama, nami nilikwama mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa kopo la mbegu za mwarobaini zilizokaa kabatini miezi kadhaa, nikajaza viriba 60, nikamwagilia kwa uaminifu kila jioni, na haukuchipuka hata mmoja. Sikujua kwamba mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai upesi, mara nyingi ndani ya wiki chache tu tangu tunda lidondoke. Siku hizi naokota matunda ya manjano chini ya mti, namenya nyama yake, naosha mbegu, nazianika kivulini siku moja au mbili, kisha naziweka kwenye viriba kabla ya wiki kwisha, nikizifukia kidogo tu. Mbegu ya mlonge haina usumbufu huo: hukaa muda mrefu zaidi ikiwa kavu, na huota ndani ya wiki moja au mbili.

Mara ya pili niliamua kununua miche kando ya barabara, nikauziwa mti mwingine kabisa. Muuzaji aliniapia kuwa ni mwarobaini, na kwa namna fulani hakusema uongo, kwa kuwa wapo wanaotofautisha mwarobaini kamili na mwarobaini nusu, na wangu ulikuwa huo nusu. Ni ndugu wa mbali, umbo lake linadanganya, lakini kazi yake siyo ile na matunda yake ni sumu kwa watu na mifugo. Tazama jani kabla hujatoa fedha. Jani la mwarobaini kamili lina uti mmoja, na vijani vyenye meno kama msumeno vimepangwa huku na huku. Jani la mwarobaini nusu hugawanyika tena katika vijiti vya pembeni kabla ya kufikia vijani. Ukichanua mambo huwa wazi zaidi, kwani kamili hutoa maua meupe na nusu hutoa maua ya zambarau, ila kusubiri maua ni kuchelewa.

Mlonge unaweza pia kuupanda kwa tawi lenye unene wa mkono, na wengi huvutiwa kwa sababu tawi hukua haraka. Mimi nashauri mbegu. Mti uliotoka kwenye mbegu huzamisha mzizi mkuu mnene unaohifadhi maji, ilhali uliotoka kwenye tawi hubaki na mizizi ya juujuu, na upepo wa kiangazi wa huku tambarare haujui huruma. Hata ule wenye mzizi mzuri una mbao laini kama papai. Mwaka wa tatu niliuacha mlonge mmoja upande mpaka ukapita paa, nikiona fahari, nao usiku mmoja ukadondosha tawi juu ya mabati ya jikoni. Hasara ya bati ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba kwa miezi sita majani yote yalikuwa juu, mahali ambapo mke wangu hakuweza kuyafikia hata kwa upondo.

Kwa hiyo mlonge hukatwa. Mche ukifika urefu wa kifua, kata kilele ili utoe matawi ya pembeni, kisha vuna kwa kukata matawi hayo kila baada ya wiki tano au sita wakati wa joto. Moyo hukataa mara ya kwanza, lakini mti hurudi kwa nguvu ya ajabu. Majani mabichi tunayapika kama mchicha au kuyachanganya na kunde. Ya kusaga tunayaanika kivulini, kwa sababu jua kali huyapunguzia ubora. Maganda machanga ni mboga pia, jambo ambalo jirani zetu wenye asili ya Kihindi walilijua zamani. Mbegu zilizokomaa, zikimenywa na kutwangwa, huvuta tope likatulia chini ya ndoo, ila maji hayo ni lazima yachemshwe, kwani weupe wake si usalama. Mizizi isiliwe, na mjamzito akae mbali nayo pamoja na magome.

Mwarobaini hauna mavuno ya kila mwezi. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na hapo ndipo shamba lako la mahindi linaponufaika. Natwanga nusu kilo ya viini vya mbegu kavu zisizo na ukungu, naviloweka katika lita 10 za maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, naongeza sabuni kidogo ili dawa ishike, kisha nanyunyiza jioni, kwa kuwa jua huiharibu upesi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, nimekuwa nikiielekeza dawa hii katikati ya moyo wa mhindi mchanga, pale majani mapya yanapochomoza, kabla funza hawajajichimbia. Haiui papo hapo. Humfanya mdudu akose hamu ya kula na ashindwe kukua, hivyo anayetaka kuona maiti asubuhi atavunjika moyo. Mbao zake mchwa huziogopa, wakati ule mlonge wangu ulioanguka waliumaliza kabla sijaukata kuni.

Kuhusu magonjwa 40 yanayosemekana kutibiwa na mwarobaini sina la kuongeza, isipokuwa onyo moja: mafuta yake yasinyweshwe mtoto mchanga hata kidogo, kwa maana yamewahi kudhuru watoto vibaya. Mti wenyewe upewe nafasi ya mita sita au zaidi kutoka ukutani, na usikaribie bustani ya mboga, kwani utanyonya maji na kufunika jua.

Mwezi uliopita binamu yangu alinionesha kiwanja chake cha Mabogini. Yeye na mkewe bado wanafanya kazi Arusha, na huja siku ya Jumamosi tu. Tumechimba mashimo mawili upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta, na hapo mvua ikishika tutaweka miarobaini. Milonge nimemwambia aisubirishe mpaka mkewe ahamie. Mbegu zake nimezifunga kwenye chupa, ziko kwangu.