Maswali na Majibu: Pasipoti Mpya, Kosa la Nani?

Maswali ya pasipoti yamelundikana mezani, na mengi yanarudia jambo lile lile nililokwisha kulijibu. Nimechagua matano.

Swali: Nimechukua pasipoti mpya juzi. Jina langu, Rehema, limeandikwa Rehma. Safari ni baada ya wiki tatu na tiketi nimekwisha kukata. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Kabla ya kumlaumu mchapaji, itoe nakala ya fomu uliyowasilisha na uiweke kando ya pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Ikiwa fomu inasema Rehema, kosa si lako: rudi katika ofisi ya Uhamiaji iliyokupa pasipoti, ukiwa na nakala hiyo, cheti na kitambulisho cha taifa (NIDA), na useme tangu mwanzo kwamba unaomba kosa la ofisi lirekebishwe, kwa sababu anayejikanyaga dirishani huweza kuanzishiwa ombi jipya na ada yake ya shilingi 150,000. Ikiwa fomu yenyewe ndiyo inayosema Rehma, basi umepewa ulichoomba, na ada hiyo jiandae nayo.

Wala usiitumie pasipoti hiyo kuombea viza kwa matumaini kwamba hakuna atakayeona, kwani viza hiyo itarithi kosa hilo hilo, na shirika la ndege linataka jina la tiketi lifanane na la pasipoti. Wapigie simu leo, uulize masharti yao ya kubadili tarehe.

Nitasema tena nililolisema mara nyingi. Niliwahi kukaa kwenye benchi la steshenari moja nikisubiri kuchapiwa barua, nikamwona kijana akimjazia mama mmoja ombi la pasipoti kwa kusikiliza tu: mama anatamka, kijana anabonyeza, na cheti cha kuzaliwa kimelala ndani ya bahasha ya kaki ambayo haikufunguliwa hata mara moja. Fomu ilipotoka kwenye printa, mama alisaini bila kuvaa miwani yake, iliyokuwa ikining'inia shingoni. Katika nchi ambayo wengi wetu tunachanganya r na l tunapotamka, kujaziwa fomu kwa masikio ni kujitafutia kosa kwa fedha zako mwenyewe.

Swali: Tarakimu moja ya tarehe ya kuzaliwa imefifia. Naweza kuikoleza kwa kalamu?

Hapana. Pasipoti iliyotiwa wino kwenye ukurasa wa taarifa ni pasipoti iliyochezewa, na ofisa wa mpakani hatajali nia yako ilikuwa nini.

Swali: Jina la ukoo wetu ni Ng'wandu. Juu limeandikwa sawasawa, lakini kwenye mistari ya chini limekuwa NGWANDU, na tarehe yangu ya kuzaliwa imegeuzwa nyuma mbele. Hawa watu wanafanya kazi gani? (Msomaji, Shinyanga)

Safari hii wamefanya kazi yao vizuri. Mistari miwili ya chini, yenye nafasi 44 kila mmoja, huandikwa kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinazoruhusu herufi kubwa A hadi Z, tarakimu, na kialama < cha kujazia nafasi tupu. Ritifaa, yaani alama ya ' iliyo katika Ng'wandu, haimo, kwa hiyo hata jirani yetu Ng'ang'a wa Kenya husomwa na mashine kama NGANGA.

Tarehe nayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1987 ataona 870314, ikifuatiwa na 5 ambayo wengi huidhania kuwa imeponyoka. Tarakimu hiyo ni ya ukaguzi: zizidishe tarakimu sita za tarehe kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena, ujumlishe, nawe utapata 105, gawanya kwa 10 na kinachobaki ni 5. Mashine hurudia hesabu hiyo kila inapousoma ukurasa. Unachopaswa kukikagua ni kama tarehe ya juu na ya chini ni moja. Ikiwa juu pameandikwa Machi na chini ni Mei, hapo una haki ya kulalamika.

Swali: Pasipoti imeandika mwaka wangu wa kuzaliwa 1991 kama cheti cha kuzaliwa, lakini vyeti vya shule vinasema 1994. Niseme ni kosa la uchapaji?

Wewe mwenyewe unajua kwamba si kosa la uchapaji. Kutoa taarifa za uongo ili upewe pasipoti ni jinai, na miaka mitatu uliyoipunguza ili upate nafasi ya shule haistahili kukufikisha mahakamani. Kinachohitaji kushughulikiwa ni vyeti vya shule.

Swali: Nafanya kazi dukani Muscat. Pasipoti niliyoipata kupitia ubalozi imekosea mahali pa kuzaliwa, na kadi yangu ya ukaazi imekwisha kuunganishwa nayo. Nikiirudisha, kazi yangu itakuwaje?

Irudishe, lakini kwa mpangilio. Ukurasa wa taarifa na chipu haviwezi kuhaririwa, hivyo marekebisho yatakuletea kitabu kipya chenye namba mpya, na kadi ya ukaazi italazimika kuhamishiwa kwenye namba hiyo. Mwarifu mwajiri kwa maandishi kabla ya kwenda ubalozini, piga nakala ya kila ukurasa uliogongwa muhuri, na uombe urudishiwe pasipoti ya zamani ikiwa imebatilishwa. Mwajiri akitaka akutunzie ile mpya, mkumbushe kwamba Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 inamzuia kushikilia pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake ya maandishi, nawe usiisaini karatasi ya ridhaa hiyo eti kwa sababu wenzako wote wamesaini.