Usisubiri kamati, siku 30 zinakwisha

Mkuu, ishike ile barua ya kuachishwa kazi uangalie tarehe. Unasema umeipata siku 22 zilizopita, baada ya kuripoti kwamba chuo chenu binafsi kinapokea ada bila risiti, na afisa utumishi amekwambia utulie nyumbani mpaka kamati ya rufaa ikae. Mimi niliambiwa hayohayo.

Nilikuwa nafundisha sheria ya kazi kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Nikaripoti malipo ya wakufunzi hewa, wakaniachisha. Afisa utumishi wetu akaniambia, "Mwalimu, haya tutayamaliza wenyewe, kamati ya rufaa itakaa, usiende kuchafua jina la chuo." Nikaamini. Nikapanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kumsaidia mama shambani. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, inayopokea migogoro ya kazi, ilikuwa siku ya 41.

Kanuni za tume hiyo za 2007 zinatoa siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali. Zinahesabiwa tangu siku ya kuachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha kukuachisha. Nami nikang'ang'ania hiyo sehemu ya pili. Uamuzi uko wapi? Kamati haikuwahi kukaa! Hakuna muhtasari wala barua, ni maneno ya mdomo tu ya yule bwana, ambaye alipoulizwa akakana kuyasema. Nikaomba kuongezewa muda, ombi likakataliwa kwa sababu sikuwa na karatasi ya kuonyesha kilichonichelewesha. Yule bwana alijua anachofanya, na mpaka leo sijamsamehe. Siku zikishapita, madai yako ni dagaa walionyeshewa mvua wakiwa kichanjani: pale soko la samaki la Mwaloni hakuna atakayekuuliza bei.

Kinachoniuma ni kwamba kesi yenyewe ilikuwa nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa si sababu halali ya kukuachisha, na mzigo wa kuthibitisha kwamba wamekuachisha kwa haki ni wa mwajiri. Ipo pia sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, kwa anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Kwa hiyo usiimwage kwenye magrupu ya WhatsApp. Yote hayo niliyafundisha darasani, ubaoni, kwa mkono wangu.

Anayeajiriwa na serikali njia yake ni nyingine, huanzia kwenye ngazi za rufaa za utumishi wa umma. Wewe ni wa chuo binafsi.

Na lile swali lako la shahada ya uzamili, usome sheria ya kazi au haki za binadamu, tutaliongea ukishafungua shauri.

Zimebaki siku 8. Kesho asubuhi kachukue fomu namba 1 ya CMA, uijaze, mpe mwajiri nakala asaini kwamba ameipokea, kisha uiwasilishe pamoja na uthibitisho huo. Kamati ikikaa, ikukute umeshafungua. Akikataa kusaini niandikie hapahapa usiku huohuo, nitakuwa macho.